Pafu la Bwana Afya

Mtu aliyeongea habari za pombe kuliko wote niliopata kuwajua hakuwahi kuionja hata tone. Alikuwa Bwana Afya wa kata yetu, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kuingia katika nyua za watu, kufunua mitungi, kuinamisha pua na kutamka kama kilichomo kinafaa kunywewa na binadamu. Alitoka upande wa Mbeya, katika kanisa lililokataza pombe kabisa, na kanisa hilo lilimshika barabara kuliko waraka wowote wa serikali. Kwa hiyo alinusa tu. Wazee wetu walisema kumpa mtu huyu kazi ya kukagua pombe ni sawa na kumpa padri kazi ya kuwatafutia watu wachumba. Walisema hivyo akiwa mbali. Akiwa karibu walimkaribisha kiti.

Jina alikuwa nalo, tena zuri, la Biblia, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Bwana Afya, ila yeye alilitamka kama mtu anayefukuza mbuzi aliyeingia shambani. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti la kaki la mifuko minne. Mfuko mmoja ulikuwa na kalamu, mwingine pamba ya zahanati, wa tatu kipimajoto. Wa nne sikujua ulikuwa na nini, kwa maana miaka ile sikumwona akitoa kitu humo. Aliupigapiga tu kila alipotaka tunyamaze, nasi tulinyamaza.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji hichohicho, nikiishi kwa shangazi yangu, mjane aliyejulikana kwa kupika pombe. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walitolewa kwenye vijiji vyao vya zamani wakapangwa mistari miwili kando ya barabara iendayo Namanyere, kwenye uwanda usio na mti hata mmoja wa kuzuia upepo, tukaambiwa kwamba sasa tumesogezwa karibu na huduma. Huduma ya kwanza kutufikia ilikuwa Bwana Afya.

Alianza na vyoo. Kila kaya ilitakiwa kuchimba choo, naye alipita na fimbo ndefu kupima kina cha mashimo. Watu wakachimba, wakajenga kuta, wakaezeka, wakatia mlango, kisha wakaendelea kwenda porini, kwa sababu choo kilikuwa kimependeza mno hata ikawa vigumu kukichafua. Shangazi alihifadhi mahindi ndani ya chake. Bwana Afya akaja, akafungua mlango, akatazama mahindi, akatazama shimo, akafunga mlango. Kwenye mkutano wa kijiji alitangaza kwamba choo cha shangazi ndicho kisafi kuliko vyote katani. Sikujua kama mtu yule alikuwa mjinga au alikuwa na huruma, na hata leo sina hakika.

Alimwita kila mtu ndugu. Ndugu mwenyekiti, ndugu mama, ndugu mgonjwa. Siku moja tulimsikia akimwambia mbwa wa katibu wa kijiji, kwa upole kabisa, "Ndugu, naomba kupita." Mbwa hakumpisha. Hata mbwa alijua kwamba ndugu huyu hana ubavu wa kumfanya mtu chochote, isipokuwa wanawake wapika pombe, ambao walihitaji kibali chake.

Halafu kulikuwa na baiskeli. Ilikuwa mali ya umma, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha mnyororo. Alipotakiwa kwenda Muze kukagua visima, aliiendesha mpaka ukingoni mwa uwanda, mahali ardhi inapokatika kwenda bonde la Rukwa, akateremka nayo kwa miguu, akafanya kazi yake huko kwenye joto, kisha akapanda tena kilima ameibeba begani. Watu walimuuliza kwa nini asiiache kwa mtu kule juu. Akasema mali ya umma haiachwi ovyo. Basi ndivyo ilivyokuwa kila mwezi, mali ya umma ikipanda kilima juu ya mgongo wa mtumishi wake.

Lakini ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kuamini sifa, na sisi tulikuwa hodari wa kusifu. Wafipa ni watu wa adabu, na miaka ile adabu iliongezewa woga kidogo. Kiongozi akija na jambo, tulisema ni zuri sana. Akija na kinyume chake, tulisema hilo ndilo tulilokuwa tukilingoja. Bwana Afya alituletea uji wa lishe uliochanganywa na unga wa dagaa, akatuonyesha jinsi ya kuupika, tukausifu mpaka akatoa kitambaa akafuta macho. Uji wenyewe tuliwapa kuku. Mwezi uliofuata alipita akashangaa jinsi kuku wa kijiji walivyonenepa, akaandika kwamba elimu ya lishe imefika hadi kwenye mifugo.

Sasa nije kwenye pombe, maana huko ndiko alikojipatia sifa yake ya kudumu.

Pombe yetu ni ya ulezi. Ulezi unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa na kusagwa, na hicho ndicho kimea. Kimea kikikorogwa kwenye uji uliopoa unapata togwa, kinywaji kitamu ambacho hata mtoto anakunywa. Togwa ikitiwa hamira, yaani masalia ya pombe iliyotangulia, ndipo inapoanza kuchemka yenyewe na kuwa pombe. Wanawake wa kwetu, kabla ya kutia hamira, huichota togwa kwa kata na kuimimina kutoka juu, mkono umenyooshwa, mtungi hadi mtungi, mpaka itoe povu. Bwana Afya aliwaona wakifanya hivyo akauliza sababu. Wakamwambia ndivyo inavyomiminwa.

Jibu hilo halikumtosha. Alikuwa amesoma mahali fulani kwamba hamira ni kitu chenye uhai, na kwamba mwanzoni kabisa inahitaji hewa ili izaliane na kupata nguvu. Akaelewa basi kwamba kule kumimina kutoka juu ni namna ya kuilisha togwa hewa. Nakumbuka alivyofurahi. Alizunguka nyumba hadi nyumba akiwapongeza kina mama kwa kuwa wanasayansi, nao wakamshukuru bila kujua wamefanya nini. "Kila kinachoishi kinapumua, ndugu," aliwaambia. Sentensi hiyo tuliisikia tangu siku ile mpaka ikatuchosha masikio.

Furaha yake ikageuka mara moja kuwa wasiwasi, kama ilivyokuwa kawaida yake. Alitazama uani akaona vumbi, kuku, nzi, watoto wenye mafua, na upepo wa Ufipa ukivichanganya vyote. Hewa hiyo, akasema, ni chafu. Hamira inapewa hewa sawa, lakini hewa gani? Togwa inapaswa kulishwa hewa safi, ndani ya mtungi uliofunikwa. Na kwa kuwa chombo cha kufanya hivyo hakikuwepo dukani, kama ambavyo sabuni haikuwepo, na kiberiti hakikuwepo, aliamua kukitengeneza mwenyewe.

Mtambo wa kwanza ulikuwa pampu ya baiskeli, kipande cha tyubu, na kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari. Kopo lilizamishwa kwenye togwa na yeye akapampu kwa nguvu zote za mtumishi wa umma. Togwa iliruka ikamlowesha mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa ameinama juu ya mtungi ili ayaone maendeleo kwa karibu. Mwenyekiti alijifuta uso akasema ni mwanzo mzuri sana.

Mtambo wa pili ulikuwa na mpira mwembamba, mwekundu, uliotoka zahanati. Watu wakauliza kwa adabu mpira ule ulikuwa ukifanya kazi gani kabla ya kuingia kwenye pombe. Akajibu kwamba umechemshwa. Hilo halikuwa swali. Wiki hiyo kilabu cha kijiji kilikuwa na wanywaji wachache kuliko siku yoyote ya Kwaresima.

Wa tatu ndio uliobaki. Mkewe alikuwa na jiwe la kusugulia visigino, lile jepesi, la kijivu, lenye vitundu vidogovidogo, alilolibeba kutoka kwao Mbeya pamoja na vyombo vya harusi. Asubuhi moja akiosha miguu yake, jiwe likamponyoka likaelea kwenye beseni, likatoa vipovu vyembamba pembeni. Bwana Afya alikuwa akinywa chai. Inasemekana kikombe hakukimalizia. Alilitoboa jiwe katikati, akaingiza mpira, akaufunga kwa vipande vya tyubu na nati nzito ili lizame. Kati ya pampu na jiwe aliweka chupa iliyojaa pamba ili ichuje vumbi. Ukipampu, hewa inapita kwenye pamba, inapenya jiweni, inatoka ndani ya togwa kwa vipovu laini kama vya sabuni. Mtungi unabaki umefunikwa kwa kitambaa. Nzi anakaa nje na aibu yake.

Kwa haki kabisa, ulikuwa mtambo mzuri. Ulikuwa na sauti ya mtu mwenye pumu, ndiyo sababu kijiji kikauita Pafu. Yeye alidhani jina hilo ni heshima, akalitumia hata mbele ya wakubwa wake kutoka Sumbawanga mjini. Mkewe hakulitumia. Yeye alikuwa na usemi mmoja tu juu ya jambo hilo, na aliutoa popote, kanisani, kisimani, mkutanoni mbele ya katibu: "Jiwe langu liko wapi?" Alivua kiatu akawaonyesha kina mama nyufa za visigino vyake, akisema hayo ndiyo maendeleo aliyoletewa na mumewe.

Pombe za kwanza za Pafu zilikuwa na ladha ya tyubu. Wanywaji kilabuni waliulizana kwa sauti ya chini kama leo wamepewa gurudumu la mbele au la nyuma. Bwana Afya akija kuuliza, walisema ni nzuri sana. Yeye akainama, akanusa, akasema mbona inanuka mpira. Wakasema hapana, haisikiki. Akarudi nyumbani akachemsha mipira yake kwa majivu, akaianika, akaichemsha tena, wiki baada ya wiki, mpaka harufu ikaisha kabisa. Hapo ndipo unapomwona mtu yule jinsi alivyokuwa. Harufu aliweza kuikagua mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumdanganya. Ladha ilibidi atuulize sisi.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, shangazi alipewa shamba jipya. La zamani, lenye udongo mweusi uliolishwa majani tangu enzi za mama mkwe wake, lilibaki kule tulikotolewa. Hili jipya lilikuwa nyasi tupu zinazofika kiunoni. Kwetu shamba la namna hiyo haliguswi ovyo. Mvua zikielekea ukingoni, nyasi zikiwa bado mbichi, unazifyeka na kuzifukia ndani ya matuta ya duara ambayo tunayaita ntumba, zinaoza humo, na msimu unaofuata udongo unakuwa umeshiba. Ukichelewa, nyasi zinakauka, ardhi inakuwa ngumu, na mwaka umekupita. Tena katibu alikuwa ametangaza kwamba shamba lisilolimwa mwaka huo litagawiwa mwingine. Shangazi alijua maana yake. Akilikosa shamba lile, angekwenda kuishi kwa shemeji yake kule Kaoze, kula kwenye sinia la mtu aliyemwita yeye mchawi kwenye matanga ya mumewe.

Mjane hana mikono ya kutosha kulifukia shamba zima. Anachofanya ni kupika pombe na kualika kijiji. Watu wanakuja na majembe alfajiri, wanalima, mchana wanafunguliwa mitungi shambani, na baada ya mitungi hiyo wanaendelea mpaka jua linazama. Pombe ikiwa nzuri wanamaliza shamba na kusafisha mpaka wa jirani. Ikiwa mbaya hakuna anayelalamika. Kila mmoja anakumbuka tu kwamba ana shughuli nyumbani.

Bwana Afya aliposikia shangazi anapika, alifika na Pafu limefungwa nyuma ya baiskeli. Alisema hii ndiyo nafasi ya kuonyesha kijiji kizima matunda ya hewa safi. Shangazi alinitazama. Kukataa kulikuwa kupoteza kibali, na kukubali kulikuwa kucheza na shamba. Akasema ni jambo zuri sana.

Jumatano togwa ikapoa, ikamiminwa kwenye mitungi, na Bwana Afya akapampu mtungi mmoja baada ya mwingine, koti amelitundika mlangoni, kitambaa cheupe amejifunga kichwani. Kisha hamira ikatiwa. Alhamisi jioni mitungi ilikuwa ikivuma. Shangazi alifunua mmoja, akachota kidogo kwa kata, akaonja. Akaonja tena. Akanipa mimi. Mimi si mnywaji wa kusifika, lakini nilichokionja jioni ile sikukisahau: kilikuwa kizito na laini kwa pamoja, na utamu wa ulezi ulikuwa umebaki nyuma ya ukali kama mtu anayechungulia mlangoni. Shangazi akaniambia kwa Kifipa, polepole, kwamba hajawahi kupika pombe kama hii, na mama yake pia hakuwahi, na mama yake ndiye aliyemfundisha.

Kisha akafunika mtungi. "Huyo asisikie," akasema. "Akisikia, pombe itakuwa yake."

Nilimwelewa. Kwenye mkutano unaofuata ingeitwa pombe ya Bwana Afya, ingeandikwa hivyo na kupelekwa mjini hivyo, naye shangazi, ambaye kitu pekee alichotoka nacho kijiji cha zamani ni sifa ya mkono wake, angekuwa mama mmoja aliyeazimisha mitungi. Basi Bwana Afya alipopita magharibi kuuliza inaendeleaje, akamjibu kwamba ni ya kawaida tu. Akauliza kama haijazidi ya siku zote hata kidogo. Shangazi akasema hapana, ni ileile ya kawaida.

Bwana Afya alisimama pale uani kitambo, mkono juu ya ule mfuko wa nne. Mtu huyu alikuwa ameambiwa "nzuri sana" juu ya uji wa kuku. Aliambiwa "nzuri sana" juu ya tyubu ya baiskeli. Sasa anaambiwa "ya kawaida", na kwa hesabu ya kijiji chetu neno hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba mambo yameharibika vibaya na mama wa watu anamstahi. Aliaga bila kusema ndugu.

Ijumaa shangazi alishinda njiani akialika watu, nami nilikuwa darasani. Tuliporudi tulimkuta uani, shati limemganda mgongoni, pampu bado mkononi. Alikuwa amepampu tangu asubuhi. Alipumzika mchana akala kipande cha muhogo, akaendelea. Mitungi yote, mara tatu. Alitutazama kwa uso uliojaa wema, uso ambao ningependa kuupiga kofi mpaka leo, akasema, "Nimewaongezea hewa, mama. Shamba lako litalimwa."

Hewa kwenye togwa ni chakula. Kwenye pombe iliyokwisha kuchacha ni siki. Jambo hilo nililisoma baadaye sana, na nina hakika hata yeye alikuwa amelisoma. Lakini mtu mwema akiwa na hofu hakumbuki alichosoma, anakumbuka pampu.

Jumamosi watu walikuja wengi. Walifyeka, wakafukia, na hadi jua la utosi nusu ya shamba ilikuwa imesimama matuta. Mitungi ikafunguliwa. Kwa desturi mwenye pombe anakunywa wa kwanza, mbele ya watu. Shangazi alikunywa, uso wake haukusogea, akasema karibuni. Mzee mmoja, jirani yetu, akapokea kata, akakunywa funda moja na kulihifadhi mdomoni muda mrefu. Alipofanikiwa kulimeza, alimuuliza shangazi kwa upole kama hii ni ya kunywa au ni ya kupaka kidonda. Hakuna aliyecheka. Dakika chache baadaye mtu akakumbuka kwamba ana mbuzi mgonjwa. Mwingine akakumbuka mgeni kutoka Namanyere. Waliaga mmojammoja, kwa heshima zote, wakishukuru kwa pombe nzuri, majembe begani, mpaka tukabaki sisi wawili na nusu shamba la nyasi.

Bwana Afya alifika saa hiyo, akiwa na wageni wake wawili kutoka ofisi ya kata aliowaleta kuona matunda. Alitazama shamba, akatazama mitungi iliyojaa. Wageni wakaonja, wakasema nzuri sana. Ndipo shangazi akafanya kitu ambacho kijiji kizima hakikuwahi kumfanyia mtu yule. Alimwambia ukweli.

"Ni siki, Bwana Afya," alisema. "Umeniua."

Nilidhani atajitetea, maana kujitetea alikuweza kuliko kazi. Alisukuma baiskeli yake mpaka barabarani akasahau kuipanda.

Jumatatu alfajiri tulisikia majembe. Tulipofika shambani tulimkuta yeye na mkewe, mtoto wao mchanga akiwa amelazwa kwenye kanga pembeni. Alikuwa amevua lile koti. Alilima vibaya sana, kama mtu anayejaribu kuamsha ardhi bila kuikera. Mkewe alikwenda hatua mbili kila yeye alipokwenda moja, na kila alipompita alimkumbusha habari za jiwe. Lakini walichokuwa wakiinua hakikuwa ntumba. Yalikuwa matuta marefu, yamenyooka kama reli, ya kwao Mbeya, kwa sababu hayo ndiyo waliyoyajua. Shangazi aliyatazama akataka kusema, kisha akachukua jembe lake akaingia upande wa pili. Walikuja kila alfajiri kabla ya saa za ofisi, mpaka nyasi zote zikawa chini ya udongo. Katibu alipopita kukagua alikuta shamba limelimwa, nusu duara, nusu reli, akasema ni zuri sana.

Wanakijiji walicheka mwaka mzima. Upande ule wakauita stesheni. Shangazi naye alicheka pamoja nao, kwa sauti kuliko wote. Hakumwambia Bwana Afya asante, wala Bwana Afya hakumletea tena Pafu. Aligeukia madirisha, akawasumbua watu kwa madirisha mpaka alipohamishwa.

Nilimwona tena baada ya miaka mingi, mwezi mmoja baada ya kumzika shangazi. Nilikuwa nimepeleka maharage Sumbawanga mjini nikaambiwa yuko hai, amestaafu, anaishi nyuma ya soko. Nilimkuta kibarazani, amevaa lile koti la kaki juu ya koti jingine kwa ajili ya baridi, macho yamefanya ukungu. Nilimwambia shikamoo, nikajitaja, nikajipa mwenyewe pole ya safari kwa kuwa yeye alisahau kunipa. Alinusa gunia nililomletea kabla ya kuuliza kuna nini ndani.

Tuliongea habari za waliokufa, nao walikuwa wengi. Kisha akaupigapiga mfuko wa nne.

"Mwalimu," akasema, "siku zile kabla sijaiharibu, pombe ya shangazi yako ilikuwaje hasa?"

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba Alhamisi jioni shangazi aliionja mbele yangu, akasema hajawahi kupika pombe kama ile, wala mama yake hakuwahi. Nikamwambia pia sababu ya kumficha. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akatabasamu tabasamu la mtu aliyepewa peremende hospitalini.

"Asante," akasema. "Watu wa kwenu mna adabu sana."

Hakuniamini. Mtu aliyemeza kila uongo tuliompa, uji wa dagaa, tyubu, vyoo vya mahindi, aliletewa ukweli mmoja wa kweli akaurudisha kwa shukrani. Ilinichoma, nakiri ilinichoma, na kilichonichoma zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Nani kati yetu aliwahi kumwambia kitu cha kuaminika, zaidi ya shangazi siku ile ya siki?

Ndipo nikakumbuka shamba. Nikamweleza kwamba ntumba hubomolewa na kutandazwa kila msimu, kisha hujengwa upya, na kwamba tangu mwaka ule shangazi alilima upande mmoja kwa duara kama watu wote, na upande wa pili kwa matuta marefu. Kila mwaka, mpaka alipoishiwa nguvu, kisha akanisimamia mimi niyalime hivyohivyo. Watu walimcheka. Aliwajibu kwamba maharage yanapenda. Maharage hayapendi chochote, Bwana Afya, nikamwambia, maharage yanaota popote.

Mkono wake ulishuka kutoka mfukoni ukagusa gunia, ukachovya humo, ukatoka na maharage machache. Aliyapitisha puani.

"Marefu?" akauliza.

"Marefu. Yamenyooka."

"Mpaka mwisho wa shamba?"

"Mpaka mpakani."

Alipumua kwa sauti, pumzi ndefu yenye mkwaruzo, nami nikalisikia Pafu lile uani kwetu. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Kisha akageuza kichwa kuelekea ndani ya nyumba akapaza sauti, akamwita mkewe, akamuuliza kama amesikia kwamba pombe ilikuwa nzuri.

"Nimesikia," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Sasa nirudishie jiwe langu."

Bwana Afya akafungua kifungo cha mfuko wa nne.